MAMA WA NYUMBANI AKOMAPO HEDHI



Yako mambo ambayo watu wazima huyanena kwa kunong'ona tu, wakidhani ya kuwa kunyamaza ndiko heshima. Mojawapo ni kukoma kwa hedhi. Msichana avunjapo ungo hufundishwa na somo yake au shangazi yake. Mke achukuapo mimba hufundishwa na wakunga. Lakini mwanamke afikapo umri wa kukoma damu ya mwezi, mara nyingi hakuna amwambiaye neno. Huachwa ayaone mwenyewe, na mumewe huachwa adhani atakavyo.

Kunyamaza huko kuna hasara kubwa. Tuseme yupo mama mwenye miaka 48. Usiku huamka ghafula, mwili unamwaka moto toka kifuani hata usoni, nguo zimelowa jasho; baada ya kitambo kidogo huona baridi. Usingizi haurudi. Kukicha moyo wamwenda mbio, neno dogo lamkasirisha, na ufunguo alioushika sasa hivi hakumbuki alikouweka. Yeye mwenyewe husema, "Nina homa," akanunua dawa za malaria, akameza mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, pasipo kupimwa damu. Jirani humwambia ya kuwa amerogwa. Mumewe, aonapo mkewe amehama kitandani na kulala mkekani penye baridi, hudhani ya kuwa hapendwi tena, naye huanza kukaa nje hata usiku wa manane. Watoto husema, "Siku hizi mama amekuwa mkali." Hivyo nyumba iliyokaa kwa amani miaka ishirini yaweza kuvunjika kwa jambo ambalo si uchawi, wala si ukosefu wa adabu.

Basi yafaa tulitazame jambo hili wazi, tupate kujua mwili wafanya nini, na watu wa nyumbani wawezalo ni lipi.

HEDHI HUKOMAJE?

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote, nayo yamo katika vifuko viwili vilivyo kando ya tumbo la uzazi, huku na huku. Hayaongezeki tena, hupungua mwaka kwa mwaka. Yakaribiapo kwisha, hedhi hubadilika: mara huja mapema, mara huchelewa, mara hupita miezi miwili au mitatu isionekane, kisha hurudi. Kipindi hiki cha kugeuka chaweza kuchukua miaka kadha wa kadha. Ikiisha kupita miezi 12 mfululizo pasipo hedhi, wala hakuna sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa, ndipo huhesabiwa ya kuwa imekoma. Wanawake walio wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Avutaye tumbaku hufika mapema kidogo kuliko wenziwe. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, si kawaida, na imempasa mwanamke huyo kwenda kwa daktari.

Tena mke na mume wasidhani ya kuwa hedhi ikikosekana miezi michache tu uzazi umekwisha. Katika kipindi cha kugeuka mimba yaweza kupatikana bado.

HOMONI NI KITU GANI?

Mwili una viungo vingi, navyo hupelekeana habari. Habari nyingine hupita katika mishipa ya fahamu. Nyingine hupita katika damu, zikichukuliwa na vitu vidogo mno vitokavyo katika tezi. Mwaka 1905 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Ernest Starling, akifundisha madaktari mjini London, aliviita vitu hivyo homoni, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha au kuchochea. Jina hilo limekaa mpaka leo.

Vifuko vya mayai hutoa homoni mbili zilizo kubwa, estrojeni na projesteroni. Wengi hudhani kazi ya estrojeni ni uzazi tu. Sivyo. Estrojeni hulinda mifupa isipungue, husaidia mishipa ya damu, hulainisha ngozi, na hufika hata katika ubongo. Chini kabisa ya ubongo, katikati, iko sehemu ndogo ilindayo joto la mwili lisizidi wala lisipungue. Estrojeni ikipungua, mlinzi huyu hushituka upesi. Joto likiongezeka kidogo tu, kadiri ambayo zamani asingeiona, hudhani ya kuwa mwili unaungua. Papo hapo huifungua mishipa ya damu ya ngozi na kulitoa jasho. Hiyo ndiyo asili ya ule moto upandao kifuani na usoni. Si homa, maana hakuna mdudu wa ugonjwa ndani ya damu.

Ziko na homoni nyingine, nazo twaweza kuziita homoni za fadhaa. Hutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Ya kwanza ni adrenalini, ambayo Jokichi Takamine, Mjapani aliyekaa Marekani, aliitangaza mwaka 1901 kwamba ameitenga peke yake, safi. Ya pili ni kotisoli. Mtu akikutana na nyoka njiani, adrenalini humwamsha mara moja: moyo hupiga kwa nguvu, miguu hupata wepesi wa kukimbia. Kotisoli huja nyuma yake, huongeza sukari katika damu ili viungo vipate chakula cha kufanyia kazi, na huuweka mwili macho. Nyoka akiisha kwenda zake, zote mbili hushuka.

Hata pasipo hatari kotisoli ina saa zake. Asubuhi mtu aamkapo huwa nyingi, ndiyo imwinuayo kitandani. Kisha hupungua mchana kutwa, na karibu na usiku wa manane huwa chache kabisa, ili mwili upumzike. Basi kotisoli si sumu. Bila hiyo hatuwezi kuishi.

Taabu huanza pale ambapo nyoka haendi zake. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal katika nchi ya Kanada, alieleza alivyoona katika panya wake: akiwatia katika baridi, au akiwachosha kwa kazi kupita kiasi, au akiwapa sumu kidogo, ijapokuwa mateso hayo yalikuwa mbalimbali, miili yao ilijibu kwa namna moja, na zile tezi za juu ya figo zilikuwa kubwa. Nasi wanadamu ndivyo tulivyo. Deni lisilolipika, mgonjwa asiyepona, karo isiyopatikana, haya yote ni nyoka asiyeondoka mlangoni. Kotisoli ikikaa juu muda mrefu, usingizi huharibika, shinikizo la damu hupanda, na moyo huwa mzito.

WALIYOYAONA SEATTLE

Sasa, je, homoni hizi za fadhaa zahusianaje na kukoma hedhi? Katika mji wa Seattle, Marekani, walikuwako wataalamu wa uuguzi walioianza kazi yao karibu na mwaka 1990, akina Nancy Fugate Woods na Ellen Sullivan Mitchell. Hawakuwauliza wanawake mara moja tu na kuwaacha. Waliwafuata miaka mingi, tangu walipokuwa bado na hedhi zao hata zilipokoma. Wanawake waliandika kila mmoja katika daftari alivyojisikia, na baadhi yao walitoa mkojo wa asubuhi, nao ukapimwa homoni.

Wataalamu hao walitoa habari mwaka 2006, na tena mwaka 2009, wakaeleza ya kuwa katika sehemu ya mwisho ya kile kipindi cha kugeuka, hedhi zinapokuwa zimeanza kupita bila kuonekana, kotisoli ya usiku hupanda kwa wanawake wengi. Tena wale ambao kotisoli yao ilipanda zaidi, ndio waliosumbuliwa zaidi na moto wa mwili. Lakini sikilizeni neno la ajabu. Walipotafuta sababu ya kupanda huko, hawakuiona katika ugomvi, wala katika umaskini, wala katika wingi wa kazi. Ilikwenda pamoja na homoni nyingine za mwili wenyewe zilizokuwa zikigeuka. Maana yake ni hii: mama aamkaye usiku moyo ukimpiga hakujitakia hali hiyo kwa wasiwasi wake, wala haifai kumwambia, "Acha mawazo, utapona."

Hilo ni upande mmoja. Upande wa pili wataalamu hao waliuliza swali jingine: mwanamke mwenyewe aonaje maisha yake? Aona raha, au aona amelemewa? Hapo majibu yaligeuka. Kujiona umelemewa hakukufuata sana hatua za hedhi. Kulifuata wingi wa mizigo aliyobeba, na kazi, na huzuni za zamani, na kama yupo mtu wa kumsaidia au hayupo. Nayo raha ya maisha ilifuata mambo hayo hayo: misiba na mashaka yaliyompata, na kama aliona ana nguvu juu ya mambo yake mwenyewe, na kama alikuwa na watu wa kumtegemeza.

Tukiyaweka pamoja twapata fundisho moja. Homoni hugeuka zenyewe, na hakuna mume wala mtoto awezaye kuzizuia. Lakini maisha ya mama katika miaka ile, kama yatakuwa matamu au machungu, kwa sehemu kubwa yamo mikononi mwa watu wakaao naye.

Tena miaka hiyo si michache. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, ulioanza mwaka 1996 na kuwafuata wanawake wa mataifa mbalimbali, ulionyesha mwaka 2015 ya kuwa katika wale wasumbuliwao mara kwa mara na moto wa mwili, nusu yao walikaa nao zaidi ya miaka 7. Wamarekani wenye asili ya Afrika ndio waliokaa nao muda mrefu kuliko wote, nusu yao zaidi ya miaka 10. Na waliosema ya kuwa wamelemewa na maisha walikuwa na taabu hiyo muda mrefu kuliko wenzao. Basi mume asemaye, "Nitavumilia mwezi huu, litapita," na ajue ya kuwa safari si ya mwezi mmoja.

MZIGO WA MWENZIO

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Usufi ni mwepesi, atazamaye kwa mbali huona mwenziwe amebeba kitu kisicho na uzito. Mithali hii yatufaa sana hapa, maana umri wa kukoma hedhi ndio umri ambao mwanamke hubeba mizigo mingi kuliko wakati wo wote. Watoto wake wakubwa wako shule na karo inatakiwa. Watoto wadogo bado wanalia. Wazazi wake na wakwe zake wamekuwa wazee. Na pengine mjukuu ameletwa akae naye.

Sikilizeni mfano. Mtu mmoja alikwenda kwa shangazi yake kumshitaki mkewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Habari za nyumbani?"

"Si njema. Mama Yohana amebadilika. Halali usiku, hataki maongezi, na neno dogo huwa ugomvi."

Shangazi akamwuliza, "Kwako nani aamkaye kwanza?"

"Mama Yohana."

"Nani atekaye maji?"

"Ni yeye."

"Na mama yako aliyelala kitandani, nani amwoshaye?"

"Ni yeye, shangazi."

"Na yule mjukuu mliyeletewa, usiku akilia nani ambebaye?"

Yule mtu akanyamaza. Shangazi akasema, "Mwili wake umegeuka, na mzigo umebaki ule ule. Nenda kwanza ukapunguze mzigo, kisha uje unishitakie."

YAPASAYO WATU WA NYUMBANI

1. Mke na mume waambiane. Mke amwambie mumewe waziwazi, "Hedhi yangu inageuka, na usiku mwili waniwaka." Mume asicheke, wala asitafute maana nyingine. Ukavu wa uke huja pia katika miaka hii, na tendo la ndoa laweza kuwa na maumivu. Hilo lina dawa hospitalini, wala si dalili ya kuchukia. Mke akihama kitandani kutafuta baridi, hakuhama katika ndoa.

2. Kazi zigawanywe, tena kwa majina. Haitoshi kusema, "Tutakusaidia." Isemwe: maji ya asubuhi ni ya fulani, bibi mgonjwa jioni ataoshwa na fulani, mjukuu usiku atalala na fulani. Wavulana nao wana mikono. Kazi isiyo na jina la mtu humrudia mama.

3. Usingizi wake ulindwe. Mtu asiyelala vya kutosha, kesho yake jioni kotisoli yake hukawia kushuka, na hivyo usiku wa pili huwa mbaya kuliko wa kwanza. Alale penye hewa, ajifunike kanga nyepesi ya pamba, awe na nguo kavu na maji ya kunywa karibu. Chandarua kisiondolewe kwa sababu ya joto. Kahawa na chai ya rangi aziache jioni. Na pombe huharibu usingizi, na kwa wengine huchochea ule moto.

4. Chakula na mwili viangaliwe. Estrojeni ikipungua, mifupa hupungua nguvu, na magonjwa ya moyo huongezeka. Maziwa, dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, maharagwe na mboga za majani vyafaa sana. Chumvi na sukari zipunguzwe. Ale naye akiwa ameketi na wenzake, asingojee masalio ya chunguni. Akaaye kutwa ofisini au dukani na atembee kwa miguu kila siku. Lakini yule abebaye ndoo na kuni toka asubuhi, upungufu wake ni mapumziko.

5. Walimu wakuu nao wajue. Katika shule zetu wako walimu wanawake wa umri huu. Mwalimu ashikwapo na joto mbele ya darasa apewe nafasi ya kukaa dirishani au kutoka kidogo, na lisifanywe neno la mzaha katika chumba cha walimu.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Si kila jasho la usiku ni la kukoma hedhi. Mwenye joto na apimwe malaria kwanza, ndipo anywe dawa, asimeze kwa kubahatisha. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, au kukonda, laweza kuwa kifua kikuu. Moyo kwenda mbio kila siku na mikono kutetemeka kwaweza kutoka katika tezi ya shingo. Huzuni isiyoondoka majuma mawili, au mawazo ya kujiua, hayafai kungojewa hata kidogo.

Na neno hili mama wote walishike: damu ikitoka tena baada ya miezi 12 ya kukoma, ijapokuwa ni tone, nenda hospitali. Mara nyingi sababu ni ndogo, lakini pengine ni saratani ya tumbo la uzazi au ya mlango wake, nayo ikijulikana mapema hutibika vizuri zaidi.

Kwa moto wa mwili uliozidi, dawa yenye nguvu kuliko zote ni kurudishiwa estrojeni, na mwenye tumbo la uzazi huongezewa projesteroni au dawa ya jamii yake. Mwaka 2002 watu wengi waliogopa, maana uchunguzi mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa, kwa kuwa saratani ya matiti na kuganda kwa damu kulionekana kuzidi kidogo kwa waliotumia dawa hizo. Baadaye yaliangaliwa tena kwa makini, ikaonekana ya kuwa wengi katika wale walikuwa wamekwisha kupita umri. Siku hizi madaktari husema ya kuwa kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi kukoma, asiye na saratani ya matiti, wala damu ya kuganda, wala ugonjwa wa ini, wala damu itokayo pasipo sababu kujulikana, mara nyingi faida hushinda hatari. Lakini dawa hizi ni za daktari, si za kununua sokoni. Asiyeziweza ana dawa nyingine, na tena yako mafundisho ya mazungumzo, ambayo mtu hufundishwa kuzitawala fikira zake na desturi zake za usingizi. Hayo yameonekana kuupunguza usumbufu wa moto ule.

MWANAMKE HAKWISHA

Mwisho, yako maneno mabaya ambayo watu husema, ya kuwa mwanamke aliyekoma hedhi "amekwisha." Tazameni nchi ya Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wakaako Wahadza, ambao wengi wao waliishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi ya porini. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake walikwenda kuangalia jinsi wapatavyo chakula. Waliona wanawake wazee, waliopita uzazi, wakichimba kwa bidii kubwa. Na mama mwenye mtoto mchanga alipokuwa hawezi kwenda mbali, chakula cha bibi ndicho kilichowasitawisha wale watoto wakubwa. Mwaka 1998 wakaandika ya kuwa labda ndiyo sababu wanadamu huishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma: nyumba zilihitaji nguvu za bibi.

Basi kama nyumba zetu zasimama kwa nguvu zake, haifai tumwache alemewe katika miaka ile mwili wake unapogeuka. Enyi waume, leo jioni hesabuni kazi za nyumbani moja moja, mkaone ngapi zina jina la mama peke yake. Kisha chukueni mbili au tatu, mzifanye ninyi. Na wewe mama uliyesoma habari hizi, ukiisha kuzisoma, mpe jirani yako naye asome, maana yamkini amekuwa akiamka usiku akidhani yuko peke yake.